Kompyuta Haitoki Jasho: Kuipoza Prosesa Katika Joto la Pwani

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, ndani ya steshenari ya bati lisilo na dari. Mteja anasubiri barua yake ichapwe. Kompyuta iliyokuwa ikifungua mafaili upesi asubuhi sasa inajikokota, feni yake inavuma kama mashine ya kusaga, kisha inazimika ghafla. Mwenye duka anaiwasha. Inakaa dakika tano, inazimika tena. Anaongeza kasi ya pangaboi hadi namba ya mwisho. Yeye anapata nafuu, mashine haipati.

Mtu hupoa chini ya pangaboi kwa sababu anatoka jasho. Upepo unapopita juu ya ngozi yenye unyevu, maji yale hugeuka mvuke na kuondoka na joto la mwili. Kompyuta haitoki jasho. Upepo wa nyuzi 33 ukiipiga kutwa nzima, hauwezi kuishusha chini ya nyuzi 33. Upepo hufanya kazi moja tu: kuchukua joto lililotoka kwenye prosesa na kulipeleka mbali. Hewa inayoingia ikiwa ya moto, au njia ya kutokea ikiwa imeziba, joto hubaki ndani.

Wengi wetu kasha zima tunaliita sipiyu, lakini prosesa yenyewe ni kipande kidogo kilichofichwa chini ya feni, katikati ya ubao mama. Prosesa nyingi za kompyuta za ofisini zimepangiwa wati 65. Hilo ni joto la globu ya zamani ya wati 60, ile iliyokuwa ikiunguza vidole, ila hapa linatoka kwenye kipande cha silikoni kisichofikia ukubwa wa stempu. Kutoka hapo linapita kwenye pesti iliyopakwa juu ya prosesa, linaingia kwenye hitisinki, yaani kile kipande cha alumini au shaba chenye mapezi, kisha linachukuliwa na hewa ya ndani ya kasha hadi chumbani. Tutaifuata safari hiyo, tukianzia chumbani na kurudi hadi kwenye prosesa, kwa sababu matengenezo ya huku nje ni rahisi zaidi na mara nyingi hayagharimu kitu.

Pima kabla ya kushika bisibisi

Usianze kununua feni kwa kubahatisha. Tafuta kipimajoto cha ukutani ujue joto la chumba, kisha weka programu ya kusoma joto la prosesa. HWiNFO na Core Temp hupatikana bure kwa Windows, na wanaotumia Linux wana amri ya sensors. Zipakue kutoka kwenye tovuti za wenyewe, si kwenye flashi ya kupokezana.

Andika namba mbili. Ya kwanza ni joto la prosesa kompyuta ikiwa imewaka dakika 20 bila kazi nzito. Ya pili ni joto lake baada ya dakika 20 za kazi yako ngumu ya kila siku, iwe ni kuhariri video, kucheza gemu au kufungua vichupo 30 vya intaneti. Kisha, katika kila namba, toa joto la chumba. Prosesa ikiwa nyuzi 76 na chumba nyuzi 32, tofauti ni 44.

Tofauti hiyo ndiyo namba ya kuitunza, kwa sababu inatenga joto la msimu na joto la ugonjwa. Chumba kikipanda nyuzi 8 kutoka Julai hadi Februari, prosesa nayo hupanda takriban nyuzi 8 kwa kazi ileile, na tofauti hubaki palepale. Lakini tofauti ikiwa ilikuwa 40 mwaka jana na sasa ni 58, usiulaumu mwezi wa Februari. Kuna kitu kimeziba, kimelegea au kimekauka.

Kuhusu viwango, chukua hivi kama mwongozo. Prosesa ikiwa kazini, chini ya nyuzi 80 ni salama. Kati ya 80 na 90, anza kutafuta sababu. Juu ya 90 kwa muda mrefu, usiahirishe. Prosesa nyingi za Intel za miaka ya karibuni zina kikomo cha karibu nyuzi 100, na nyingi za AMD kati ya 90 na 95. Zikifika hapo hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue, ndiyo maana mashine hujikokota. Joto likizidi kupanda, mashine hujikatia umeme. Baadhi ya prosesa mpya za hali ya juu, kama familia ya Ryzen 7000 iliyotoka 2022, ziliundwa zikimbie hadi nyuzi 95 chini ya mzigo mkubwa, kwa hiyo soma maelezo ya prosesa yako kabla ya kuingiwa na hofu.

Sasa fanya hesabu. Kompyuta ya ofisini iliyo safi, yenye tofauti ya 45, ndani ya chumba cha nyuzi 33, itafika 78. Iko salama. Kaskazi peke yake haiiui kompyuta safi. Inaiua ile ambayo tayari ilikuwa imesongwa na vumbi, na joto la msimu likaja kuongezea.

Mahali unapoliweka kasha

Angalia kasha lako lilipo sasa hivi. Meza nyingi za kompyuta zina kijikabati chenye mlango, na humo ndimo tunamolisukumia. Ndani ya kijikabati, hewa ya moto inayotoka nyuma huzunguka na kuingia tena mbele. Chumba kinaweza kuwa nyuzi 30 huku hewa inayovutwa na kompyuta ikiwa 38. Ling'oe lile bao la nyuma la kijikabati, au litoe kasha nje kabisa.

Acha nafasi ya sentimita 15 nyuma yake, mahali hewa ya moto inapotokea. Usiliweke sakafuni juu ya zulia au mkeka. Liinue kwa kibao au stuli fupi, kwani vumbi zito husafiri karibu na sakafu. Lisipigwe na jua la dirishani. Lisikae ubavuni mwa friji, wala lisibanane na printa na yupiesi, maana vyote hivyo vinatoa joto lake.

Na kile kitambaa cha kufuma. Najua kinapendeza, na huenda kimefumwa na bibi au shangazi kwa mapenzi makubwa. Kiwekee nafasi juu ya meza. Makasha mengi yana matundu juu au ubavuni, na kitambaa kikifunika matundu hayo ni sawa na kumfunika mgonjwa wa homa kwa blanketi. Kava la nailoni nalo ni la mashine iliyozimwa na kupoa tu.

Kama chumba ni cha bati tupu, saa za kazi nazo ni dawa. Joto la bati hupanda kuanzia saa tano na kukaa hadi saa kumi jioni. Kazi ndefu, kama kugeuza video au kuchakata mamia ya picha, ipange alfajiri au usiku. Dari, hata ya plywood nyepesi, huisaidia kompyuta na mwenye nayo pia.

Vumbi, chumvi na wageni wadogo

Hili ndilo eneo lenye faida kubwa kuliko yote, na linafanyika kwa brashi na subira.

Mapezi ya hitisinki yamepangwa karibu karibu ili hewa iguse chuma kingi. Vumbi linaponasa kati yake hujenga kitu kama blanketi la pamba upande ule feni inakopulizia. Feni inazunguka kwa nguvu zote na hewa haipiti. Dodoma na Shinyanga vumbi ni kavu na hupepetwa kirahisi. Pwani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu unyevu na chumvi ya upepo wa bahari huligandisha likawa utando, na chumvi hiyohiyo huleta kutu kwenye skrubu na ncha za waya. Ukiwa na duka kando ya barabara, safisha kila miezi miwili. Nyumbani, kila miezi minne hadi sita.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Itoe barazani. Fungua ubavu wa kasha, na kabla ya kugusa chochote shika chuma tupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini mwako uondoke. Tumia brashi laini ya kupakia rangi, iliyo kavu na mpya, kulegeza vumbi, halafu puliza kwa blowa ndogo au kopo la hewa lililosimamishwa wima.

Wakati wa kupuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke. Feni inayozungushwa na blowa hupita kasi iliyoundiwa, na beringi zake huharibika. Usiipeleke kompyuta kwa wajaza upepo wa matairi: kompresa ya gereji hutema maji na mafuta pamoja na hewa. Usifungue pawa saplai hata ukiwa na hamu kiasi gani, kwa kuwa kapasita zake hushika umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Ipulizie kutoka nje tu. Na usitumie mashine ya kufyonzea vumbi ndani ya kasha, kwa sababu mdomo wake wa plastiki huzalisha umeme tuli.

Ukifungua utakuta pia mende, sisimizi na wakati mwingine mjusi aliyefuata joto. Mjusi akigusa ncha mbili za umeme anaweza kufa, na ubao unaweza kufa naye. Ndiyo sababu sishauri kompyuta ikae bila kifuniko mwaka mzima. Yale matundu marefu ya nyuma yaliyobaki wazi baada ya kadi kutolewa, yafunike kwa vibati vyake.

Upepo uwe na mlango wa kuingia na wa kutoka

Baada ya kusafisha, fanya jaribio hili. Ipe mashine kazi nzito kwa dakika 20 ikiwa imefungwa, andika joto. Kisha ondoa kifuniko cha ubavu, endelea dakika 20 nyingine, andika tena. Joto likishuka kwa nyuzi 5 au zaidi, kasha lako halipumui vizuri. Lisiposhuka, kasha halina kosa. Tatizo liko kwenye feni ya prosesa, hitisinki au pesti.

Kasha lisilopumua lina tiba rahisi. Feni ya mbele ivute hewa kuingiza, feni ya nyuma isukume kutoa. Kujua uelekeo, angalia feni yenyewe: hewa hutokea upande wenye vile vyuma au plastiki zinazoshikilia mota. Feni mbili zikitazamana vibaya hupigania hewa ileile na mashine haipati kitu. Nyaya zifunge pembeni zisizibe katikati. Kama kasha lina nafasi, feni moja ya milimita 120 mbele na moja nyuma zinatosha kompyuta nyingi za nyumbani. Feni kubwa inayozunguka polepole husukuma hewa ileile kwa kelele ndogo kuliko feni ndogo inayokimbia.

Kuacha kifuniko wazi na kuelekeza feni ya meza ndani ni huduma ya kwanza, na kwa siku ya dharura ni huduma nzuri. Ila vumbi la miezi mitatu litaingia kwa wiki moja. Ukimaliza kazi ya dharura, funga.

Pesti iliyokauka

Uso wa prosesa na uso wa hitisinki huonekana laini kwa macho, lakini vikikutanishwa hubaki mianya midogo yenye hewa, na hewa ni kizuizi kikubwa cha joto. Pesti huijaza mianya hiyo. Miaka inavyopita hukauka na kupasuka kama udongo wa shamba wakati wa kiangazi. Kompyuta nyingi zinazotufikia zimeshatumika miaka kadhaa ofisini ng'ambo. Ukinunua mashine ya namna hiyo, chukulia kwamba pesti yake imechoka, na uibadilishe kabla ya kaskazi ya kwanza.

Dalili zake unaweza kuzisoma. Joto likiruka hadi 90 ndani ya sekunde chache baada ya kuanza kazi, na hitisinki ikiwa vuguvugu tu, joto halivuki kutoka kwenye prosesa: pesti imekauka au hitisinki imelegea. Joto likipanda taratibu kwa dakika 10 au 15, na hitisinki ikiwa ya moto kwelikweli, joto limevuka lakini hewa haiondoki nalo: rudi kwenye vumbi na feni. Kabla ya kuigusa hitisinki, zima mashine na uchomoe waya.

Kubadilisha kunahitaji utulivu wa nusu saa. Chomoa kwanza waya wa feni kwenye ubao. Feni nyingi za Intel zina miguu minne ya plastiki. Zungusha kila mmoja kufuata mshale uliochorwa juu yake, kisha uvute juu. Kwenye mashine za AMD zenye soketi ya AM4, iliyoanza 2016, kuwa mwangalifu zaidi. Pesti iliyogandamana huweza kuing'oa prosesa pamoja na hitisinki na kupinda pini zake. Kabla ya kuchomoa waya wa feni, washa mashine dakika chache pesti ilainike, zima, chomoa, kisha zungusha hitisinki kidogo kulia na kushoto kabla ya kuinua.

Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, kilichoguswa kwa spiriti isiyo na mafuta wala manukato. Ngoja pakauke. Weka pesti mpya katikati ya prosesa, kiasi cha punje moja ya choroko. Usiipake kama siagi kwenye mkate. Mgandamizo wa hitisinki utaitandaza. Pesti nyingi kupita kiasi haiongezi faida. Na dawa ya meno haishiki nafasi ya pesti, wala mafuta ya kujipaka: hukauka au kuyeyuka, na siku ya tatu unarudi ulipoanza.

Unaporudisha miguu ya Intel, irejeshe kwanza mahali pake, kisha bonyeza kwa pembe zinazotazamana hadi usikie mlio wa kila mmoja. Chungulia nyuma ya ubao uhakikishe minne yote imetokeza. Mguu mmoja uliolegea unatosha kupandisha joto kwa nyuzi 20.

Kununua kipya, au kupunguza moto jikoni

Ikiwa umesafisha, umebadilisha pesti, na tofauti bado ni kubwa, ndipo ufikirie kipozaji kipya. Chagua kile kirefu chenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120. Ndani ya mabomba hayo mna kimiminika kidogo kinachochemka upande wa prosesa, kinapanda kama mvuke hadi kwenye mapezi, kinapoa na kurudi. Pima kwanza upana wa ndani wa kasha, kwani makasha membamba ya ofisini hayakipokei. Vipozaji vya maji ni vizuri kwa mashine zenye nguvu nyingi, lakini mwisho wake navyo hutoa joto kwa hewa ileile ya chumba, na vina pampu inayoweza kufa. Kwa prosesa ya wati 65 huvihitaji.

Ipo njia nyingine isiyo na gharama: kupunguza joto linakozalishwa. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, ingia kwenye usimamizi wa nguvu za prosesa na uweke kiwango cha juu kuwa asilimia 99 badala ya 100. Kwenye prosesa nyingi za Intel, asilimia hiyo moja huzima ile mbio ya ziada inayokula umeme mwingi. Kwa barua, hesabu na intaneti hutaona tofauti, ila joto linaweza kushuka vizuri. Mbao mama nyingi za AMD zina hali ya Eco ndani ya bayosi inayofanya kazi kama hiyo.

Kiyoyozi kinasaidia, na nyuzi 25 hadi 27 zinatosha. Usiliweke kasha chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji. Na ukiitoa mashine kutoka chumba cha baridi kwenda kwenye hewa nzito ya nje, ngoja saa nzima au zaidi kabla ya kuiwasha, kwani umande hujitengeneza juu ya chuma baridi. Kwa sababu hiyohiyo, usithubutu kuweka barafu, kitambaa chenye maji au feni ya kunyunyiza mvuke karibu na kompyuta. Mtungi hupoza maji kwa kuvuja unyevu; kompyuta ikiguswa na unyevu inakufa.

Kalenda ya kuitunza

Mbali na usafi wa kila miezi michache, Pwani tunazo pepo mbili za kutukumbusha. Mwezi wa Novemba, kabla kaskazi haijashika, fungua kasha, safisha, sikiliza feni kama inakwaruza, na upime. Mwezi wa Juni, masika yakiwa yameisha na kusi inavuma, safisha tena na ukague kutu na wadudu waliokimbia mvua. Pesti ibadilishe kila miaka mitatu hadi mitano, au mapema kama namba zinakuambia.

Kila mara andika tofauti yako kwenye karatasi, uibandike ndani ya ubavu wa kasha pamoja na tarehe. Wahandisi wa elektroniki hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza kwa nusu umri wa kapasita za elektroliti, zile zilizopangwa kwenye ubao mama na pawa saplai. Nyuzi chache unazoziokoa leo ni miaka ya kifaa ulichokinunua kwa jasho lako. Na siku fundi atakapokuambia kwamba mashine imechoka na ununue nyingine, utafungua ubavu, usome namba zako, na ujue kama ni mashine iliyochoka au ni vumbi tu.